Taa za vitufe kwenye kabati la gemu: zimeandikwa volti 12, Pi ni ya volti 5. Umeme wake utoke wapi?

baraza_mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum mafundi. Kabati ni la wachezaji wawili, plaiwudi ya milimita 18. Ndani mna Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) na bodi mbili za enkoda za USB, zinazosoma vitufe na kuiarifu Pi, moja kwa kila mchezaji. Vitufe ni 16 vya milimita 30, kila kimoja kina taa ya LED ndani yake. Sita vyekundu ni vya mchezaji wa kwanza, sita vya buluu ni vya wa pili, na vinne vyeupe ni vya kuanzia na vya sarafu. Kwenye kishikio cha taa pameandikwa 12V.

Kucheza hakuna shida, kila kitufe kinasomeka. Shida ni taa. Zote zimeungwa sambamba kwenye pini ya volti 5 ya Pi. Nyekundu zinaonekana kidogo, lakini za buluu na nyeupe ni mpaka chumba kiwe kiza ndipo ujue zinawaka. Juzi imeanza pia kutokea alama ya radi kwenye kona ya skrini.

Umeme huo nichukue wapi bila kuunguza enkoda? Na ukikatika, nyumba hii ina sola yenye betri ya volti 12 na inverter. Je, taa zinaweza kuungwa moja kwa moja kwenye betri, maadamu zote ni volti 12?

---

solda_na_mita (Malindi)

Waalaykum salaam. Hiyo tofauti ya nyekundu na buluu imeshatoa jibu nusu.

LED yenyewe haina volti 12. Nyekundu hula kama volti 2, ya buluu na nyeupe kama volti 3.2. Kinachofanya iitwe "ya volti 12" ni resista (kipande kinachozuia umeme usipite mwingi) iliyofichwa ndani ya kishikio, na kwa taa hizi mara nyingi ni ya omu 470. Piga hesabu: kwa volti 12, ya buluu inapata (12 − 3.2) ÷ 470, yaani milliampea 19 hivi, na nyekundu inapata 21. Ndiyo mwanga wake kamili. Ukiipa volti 5, ya buluu inabaki na milliampea 3.8 tu na nyekundu 6.4. Kwa hiyo taa zako hazijaharibika, zina njaa.

Usishangae ukikuta mtu mwingine taa zake haziwaki kabisa kwa volti 5. Zipo balbu za T10, zile za kupachika kama za taa ndogo za gari, ambazo ndani zina vipande vitatu vya LED kwa mfuatano. Vitatu mara 3.2 ni 9.6. Chini ya hapo hakuna kinachopita.

Sasa chanzo cha umeme. Taa 16 zikiwaka zote ni kama milliampea 320, chini ya wati 4. Adapta ya volti 12 ampea 1 inatosha na kubaki. Usipoteze pesa kwa ya ampea 5. Ila iwe ya kisasa, nyepesi. Zile nzito za transfoma ya zamani zilizoandikwa 12V, bila mzigo hutoa 15 hadi 17. Ipime kwa mita kabla ya kuiunga, halafu ipime tena taa zote zikiwaka. Ikishuka chini ya 11.5 kwa mzigo mdogo kama huu, namba iliyo kwenye kibandiko ni porojo.

Kama una pawa saplai ya kompyuta kuukuu, nayo inafaa: waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni 5, mweusi ni hasi. Ili iwake bila ubao mama, waya wa kijani kwenye plagi kubwa unaungwa na mweusi wowote. Nyingine za zamani haziko thabiti bila mzigo kwenye volti 5, na feni yake inapiga kelele kwa ajili ya wati nne. Mimi ningechagua adapta.

Kuunga: chanya ya adapta ipite kwanza kwenye fyuzi ya ampea 1, halafu waya wa milimita mraba 0.5 uzunguke kutoka kitufe hadi kitufe kwenye mguu wa chanya wa kila taa. Hasi vivyo hivyo kwa waya mweusi. Ukifika kitufe cha mwisho usikate hapo: rudisha waya mpaka mwanzo ufunge duara, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukiacha bila kurudisha, klipu moja ikilegea katikati, taa zote za mbele yake zinazimika. Kwa duara, pakikatika mahali pamoja umeme unafika kwa upande wa pili.

Fyuzi usiruke. Adapta ndogo yenyewe hujizima pakiwa na shoti, lakini siku utakapounga betri ya sola, fyuzi ndiyo itakayozuia waya kuwaka moto ndani ya sanduku la mbao.

Hatari kubwa iko hapa, soma mara mbili. Kila kitufe kina miguu minne: miwili ya swichi, miwili ya taa. Ukikosea ukaitia volti 12 kwenye mguu wa swichi, inakwenda moja kwa moja kwenye enkoda iliyotengenezwa kwa volti 5, na kupitia USB inaweza kuiua na Pi. Kabla ya kurudisha plagi za enkoda, washa adapta ya taa peke yake. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya taa, ncha nyekundu ipitishe kwenye kila waya unaoelekea enkoda, mmoja mmoja, huku kitufe kikibonyezwa. Kote isome 0. Usipime kati ya waya mbili za plagi moja ukaridhika. Volti 12 ikiwa kwenye waya mmoja tu, kipimo hicho hakiioni.

Na kwa kuwa taa zina adapta yake, hasi yake haina haja ya kugusana na hasi ya enkoda. Ziache mbalimbali.

---

baraza_mkomani (Lamu)

Shukran sana. Na ile alama ya radi?

---

solda_na_mita (Malindi)

Hiyo ni Pi inalalamika kwamba volti yake imeshuka chini ya 4.63. Pi 4 inataka 5.1V ampea 3. Milliampea chache za taa zako peke yake hazileti radi, kwa hiyo kuna jambo jingine: chaja ya simu badala ya adapta yake, au kebo ya USB nyembamba na ndefu. Kumbuka pia matundu manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2 kwa jumla. Enkoda zinakula kidogo, ila kama umechomeka na diski au spika hapo, hesabu imebadilika.

---

tundu_28 (Malindi)

Mbona safari ndefu hivyo? Badilisha resista tu, taa ziwe za volti 5, usiingize adapta ya pili. Buluu na nyeupe tia omu 100, unapata milliampea 18. Nyekundu omu 150, unapata 20. Resista za robo wati zinatosha kabisa, maana joto lake halifiki hata sehemu ya kumi ya wati. Ukimaliza, hakuna volti 12 popote ndani ya kabati, na hofu ya kuunguza enkoda imekwisha.

---

solda_na_mita (Malindi)

Tundu, hoja yako ya usalama naikubali, na kwa anayeanza upya ningemwambia anunue taa za volti 5 tangu mwanzo. Lakini huyu anazo 16 mkononi. Vishikio vingine resista iko wazi, imepindwa kwenye mguu wa LED, unaitoa kwa dakika mbili. Vingine vimefungwa kwa plastiki na ukivifungua vinapasuka. Afungue kimoja kwanza aone. Akienda njia hiyo, umeme autoe kwenye waya wa adapta ya Pi kabla haujaingia kwenye Pi, si kwenye bodi ya enkoda. Na asije mtu akaunga LED kwenye pini za GPIO (zile za Pi za kutuma na kupokea ishara) moja kwa moja: pini moja mwisho wake ni milliampea 16, na zote kwa pamoja usizidishe 50.

---

betri_na_kaskazi (Lamu)

Mimi nijibu la sola, maana hapa Amu ndilo linalounguza vitu vingi.

Betri ya volti 12 si ya volti 12. Jioni ikiwa imechoka inasoma 11.8, mchana kidhibiti cha chaji kinaipandisha hadi 14.4. Chukua hesabu ya bwana solda uirudie kwa 14.4: ya buluu inapata milliampea 24, nyekundu 26. LED itavumilia muda kidogo. Anayeumia ni resista. Kwa taa ya buluu inageuza 0.27 ya wati kuwa joto, kwa nyekundu 0.33, na yenyewe ni ya robo wati, tena imefungiwa ndani ya kitufe cha plastiki pasipo hewa, katika joto letu hili. Kishikio kinageuka rangi, kinalainika, na mwisho taa inacheza ukibonyeza.

Kwa hiyo usiunge moja kwa moja. Weka kishusha volti, kile kibao kidogo cha saketi cha LM2596 kinachouzwa kwa bei ya chai na mahamri kadhaa. Kirekebishe kitoe volti 9. Kwa nini 9 na si 12? Kwa sababu kishusha hakipandishi: betri ikiwa 11.8 hakiwezi kukupa 12, na kinahitaji nafasi ya volti moja na nusu hivi kati ya inayoingia na inayotoka. Kwa volti 9, taa za buluu zinapata milliampea 12 na nyekundu 15, mwanga hautikisiki hata betri ipande au ishuke. Kwa kabati la barazani usiku huo ni mwanga mzuri, hauumizi macho.

Kirekebishe kabla ya kuunga taa. Skrubu yake ya shaba inazunguka mizunguko mingi, na kumi ya kwanza huenda usione badiliko lolote kwenye mita, usidhani kimekufa. Endelea kuzungusha kinyume cha saa mpaka volti ianze kushuka. Ukifika 9.0 tia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isisogee.

Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na kabati. Waya mrefu usio na fyuzi kutoka betri ya Ah (ampea-saa) 100 ni hatari hata kama mwisho wake ni taa ndogo.

Inverter kwa taa hizi usiitumie. Unapandisha 12 hadi 240, halafu adapta inairudisha 12, na inverter yenyewe inakula umeme hata kama hujaunga kitu. Kupitia kishusha, taa zote 16 zinachukua chini ya ampea 0.25 kutoka betri. Saa nne za kucheza hazifiki Ah 1.

Pi nayo itake kishusha chake peke yake, cha volti 5.1 chenye kubeba ampea 5. LM2596 imeandikwa ampea 3, lakini bila bati la kupozea ukiipita 2 inachemka. Usitegemee ibebe Pi 4. Skrini ikiwa ni ya 240 basi hiyo ndiyo ya inverter, hakuna hila.

---

baraza_mkomani (Lamu)

Maashallah, nimeelewa. Swali la mwisho: inawezekana taa ziwake tu za vitufe vinavyotumika kwenye gemu inayochezwa? Gemu nyingine ni za vitufe viwili, na watoto wanabonyeza vyote sita.

---

pini_tatu_tatu (Malindi)

Inawezekana, na vifaa ni viwili tu: chipu mbili za ULN2803A, yaani swichi za kielektroniki. Kila moja ina njia nane, kwa hiyo mbili zinatosha vitufe 16 kamili.

Ukiishika chipu kidato chake (pengo dogo la alama ukingoni) kikiwa juu, pini 1 hadi 8 upande wa kushoto ni za kuingiza, zinatoka kwenye GPIO za Pi. Pini 18 hadi 11 upande wa kulia ni za kutoa, zinakabiliana na zile: 1 na 18, 2 na 17, hivyo hivyo mpaka 8 na 11. Pini 9 ni hasi. Pini 10 ni ya kulinda chipu dhidi ya mota na rilei, kwa LED iache wazi.

Chipu hii haitoi umeme, inavuta kuelekea hasi. Kwa hiyo duara la chanya ulilozungusha libaki kama lilivyo, lakini duara la hasi livunje: kila mguu wa hasi wa taa uwe na waya wake hadi pini moja ya kutoa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, wanaacha kipande cha hasi kimeunganisha vitufe viwili, na vinawaka pamoja daima.

Hapa pia shauri la kutenganisha hasi linabadilika. Hasi ya adapta ya taa na hasi ya Pi lazima zikutane kwenye pini 9, la sivyo GPIO haina njia ya kuiamuru chipu. Chanya ya volti 12 na Pi zisikutane kamwe.

GPIO inatoa 3.3V na inatosha, maana kila pini ya kuingiza inavuta chini ya milliampea moja. Zote 16 ni kama 12, uko ndani ya mipaka. Usitumie GPIO 2 na 3, zina resista za kilo-omu 1.8 kwenye bodi ya Pi zinazozivuta juu, na taa zake zitawaka tangu unapowasha mpaka programu ianze. Acha na 14 na 15, ni za mawasiliano ya seria. Zinabaki 22.

Jambo moja la hesabu: chipu inakula volti 0.8 hadi 1. Kwa taa za 12 au 9 huoni tofauti. Kwa njia ya Tundu ya volti 5 unaiona sana, maana buluu inabaki na volti moja tu ya resista, na kwa omu 100 inapata milliampea 10. Hapo shusha resista hadi omu 47.

Kwa programu, Python na maktaba ya gpiozero. Ukitumia darasa la PWMLED badala ya LED, unaweza na kupunguza mwanga, mfano vitufe visivyotumika viwe asilimia 5 badala ya kuzima kabisa. Orodha ya gemu na vitufe vyake utaiandika mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi ndefu kuliko solda yote.

---

dada_wa_forodhani (Lamu)

Nyote mmezungumza umeme, hakuna aliyetaja chumvi. Kabati lililo barazani, upepo wa bahari unaingia mchana na usiku. Klipu za chuma zilizopakwa rangi ya fedha zinashika kutu kwa ndani kabla hujaona kitu kwa nje. Taa inaanza kucheza, mtu anabadilisha adapta bure.

Nunua klipu za shaba iliyopakwa bati. Kabla ya kununua pima miguu kwa rula, mara nyingi ya swichi ni milimita 4.8 na ya taa 2.8, lakini si vitufe vyote. Klipu pana kwenye mguu mwembamba inakaa leo, kesho inachomoka. Waya nao, ukipata uliopakwa bati ni bora, ule wa shaba tupu unakuwa kijani mpaka ndani ya plastiki. Klipu ikishakaa, paka mafuta ya mgando kidogo juu yake, kiasi cha kufunika chuma. Usiyapake ndani ya swichi.

Solda itumike ya kazi za elektroniki. Ile dawa ya asidi ya mafundi bati inakula kiungo polepole, na kwa unyevu wa huku haraka zaidi. Ukimaliza sugua kwa spiriti na mswaki.

Tundu za hewa weka chini na juu, na uzifunike kwa wavu wa mbu. Mjusi akilala juu ya chipu ya pini_tatu_tatu atawasha taa ambazo hukuziomba.

---

baraza_mkomani (Lamu)

Hatua ya kwanza imekwisha: adapta ya volti 12 ampea 1, fyuzi, duara mbili. Bila mzigo inasoma 12.2, taa zote zikiwa zimeungwa 12.0. Kipimo cha waya za enkoda ni 0 kote. Taa 13 ni kali. Mbili nyeupe haziwaki kabisa, na moja ya buluu imefifia, haijafika nusu ya wenzake. Chipu ni baadaye.

---

solda_na_mita (Malindi)

Mbili zisizowaka, geuza klipu zake: chanya iende ulipoweka hasi. LED ni ya upande mmoja. Kwa volti 12 kinyume, resista ikiwamo, mara nyingi inapona. Zikikataa, chomoa kishikio ujaribu kwa betri ndogo ya mraba ya volti 9, pande zote mbili. Ikiwaka nje na isiwake ndani, basi miguu ya kishikio haigusi ile ya kitufe. Ikunjue kidogo kwa koleo ncha nyembamba.

Hiyo ya buluu pima volti kwenye miguu yake miwili ikiwa inawaka. Ikisoma 12, tatizo ni LED au resista yake, badilisha kishikio. Ikisoma 9 au 10, klipu imebana plastiki ya waya badala ya shaba: ikate, menya milimita 5, uifunge upya.

---

baraza_mkomani (Lamu)

Nyeupe zote mbili zilikuwa kinyume. Ya buluu inasoma 9.4. Naikata sasa hivi.